Darubini ya uani, Mwanga, Kigoma: shajara ya mradi, Juni hadi Novemba 2024

Juni 2. Kuchagua

Kazi yangu ni kufunga sola, kwa hiyo mchana kutwa niko juu ya mabati nikikadiria jua litapita wapi na kivuli cha mwembe kitaangukia wapi. Usiku naendelea kuangalia juu kwa kupenda tu. Mvua zimekatika, anga ni jeupe, na Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15, kwa hiyo upande wote wa magharibi hakuna taa za wavuvi wa dagaa. Sijawahi kuona giza la namna hii tangu nihamie mtaa huu. Fedha ya darubini ipo. Swali ni darubini ipi.

Matangazo yanatangulia na namba ya kukuza. Kuna moja limeandikwa mara 675 kwa darubini ya milimita 60. Namba hiyo haipatikani kwa miujiza: unachukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kwenye lenzi au kioo chake hadi pale mwanga unapokutana, hapa milimita 900, unagawanya kwa lenzi ya kutazamia ya milimita 4, unapata 225, halafu unaweka lenzi ya kuzidisha mara 3. Hesabu ni sahihi, picha haipo. Kila milimita ya upana wa kioo hubeba kukuza mara 2 hivi, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Milimita 60 inaishia kwenye 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Kinachonunuliwa hasa ni upana, maana upana ndio unaokusanya mwanga. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 70 ina upana mara kumi ya huo, kwa hiyo inakusanya mwanga mara 100. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mara 345. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kishada cha nyota utakiona kama doa la chaki au utaziona nyota zenyewe moja moja.

Nimebakiza tatu mezani. Ya kwanza ni ya lenzi, milimita 70, nyepesi, haihitaji matunzo mengi, nzuri kwa mwezi na sayari. Ya pili ni ya kioo, milimita 114, imeandikwa fokasi milimita 1000 lakini bomba lake halifiki nusu mita. Hii nimeiondoa papo hapo. Darubini ya kioo ya kawaida bomba lake hukaribia urefu wa fokasi yake. Likiwa nusu, ujue ndani ya mdomo wa kutazamia wamepachika lenzi ya kurefusha fokasi, na za bei ya chini za aina hii picha yake huwa imevia, tena kuzinyoosha vioo ni tabu. Ya tatu ni kioo cha milimita 130, fokasi milimita 650, na kioo chenyewe ni cha parabola. Neno hilo nimehakikisha kwa muuzaji kabla ya mengine yote. Kioo kilichochongwa kama kipande cha tufe, kwa upana huo na fokasi fupi hivyo, hakiwezi kukusanya mwanga mahali pamoja.

Nachukua ya tatu. Kinachobaki ni stendi, na hapo ndipo Kigoma yenyewe inapoingia kwenye hesabu.

Juni 5. Kwa nini siitaki stendi iliyokuja nayo

Darubini hii inauzwa na stendi ya ikweta, yaani ile ambayo mhimili wake mmoja unaelekezwa kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kupazunguka, kisha unazungusha kitasa kimoja tu kuifuata nyota. Ulaya na Marekani wanaielekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho, hatuioni kabisa. Ncha ya kusini ya anga nayo iko nyuzi 5 tu juu ya ardhi. Nyosha mkono, weka vidole vitatu juu ya upeo wa macho: ndipo ilipo. Uani kwangu hapo pana ukuta wa jirani na migazi.

Hata ingekuwa wazi, mhimili huo ungelazimika kulala karibu sawa na ardhi, na stendi nyingi za bei hii hazishuki hadi nyuzi 5. Zikishushwa kwa nguvu, uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Kwa mtu wa Nairobi, Mwanza au Kigoma, fedha inayokwenda kwenye stendi hiyo ni afadhali iongezwe kwenye upana wa kioo.

Kwa hiyo nanunua bomba peke yake, na kitako nitachongesha hapa hapa. Mtindo ni ule uliosambazwa na John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco aliyefariki 2014: sanduku la mbao linalozunguka kushoto na kulia, na bomba linaloinama juu na chini. Hakuna gia wala mota.

Juni 23

Bomba limefika kwa basi, salama. Ndani ya boksi kuna lenzi ya milimita 25, ya milimita 10, na lenzi ya Barlow, yaani ya kuzidisha, ya mara 2. Zote ni za kipenyo cha inchi moja na robo, jambo nililoliulizia kwa msisitizo, kwa kuwa kile kipimo kidogo cha zamani lenzi zake nzuri ni shida kupatikana.

Pamoja nazo kulikuwa na kichujio cheusi cha kuskurubu kwenye lenzi ya kutazamia ili eti utazame jua. Nimekipiga nyundo. Kioo cha milimita 130 kinakusanya joto la jua na kulileta lote hapo hapo kilipo kichujio. Kikipasuka, jicho linakwenda kabla hujapepesa. Kichujio cha jua hukaa mbele ya mdomo wa bomba, kikaziba mdomo wote, na kiwe cha kazi hiyo. Watoto wa nyumba hii nimeshawaambia na nitawaambia tena: mchana bomba halitoki nje.

Juni 30. Kitako

Nimeshinda kwa fundi seremala. Tumetumia plaiwudi ya milimita 18. Chini kuna duara mbili: moja ina miguu mitatu na imetulia, nyingine inazunguka juu yake, katikati bolti moja na nati mbili. Mitatu ni bora kuliko minne, maana miguu mitatu haichezi hata udongo ukiwa wa vifusi.

Siri ya kitako hiki iko kwenye msuguano. Kiwe laini kiasi cha kusogea kwa kidole, kisiwe laini mno kikapeperushwa na upepo wa ziwa. Wengine hutumia vipande vya Tefloni, plastiki inayoteleza, juu ya fomeka. Fomeka fundi alikuwa na mabaki ya meza. Badala ya Tefloni tumekata ubavu wa dumu la lita 20, vipande vitatu vya ukubwa wa kiberiti, tukavipigilia mahali pale pale miguu ilipo ili uzito ushuke wima. Vichwa vya misumari tumevididimiza chini ya uso wa plastiki visikwangue. Fundi alizungusha, akasikiliza, akasema, "Bado inashika, kaka." Akachukua msasa laini akapitisha mara chache kwenye kingo za vile vipande, akazungusha tena. Safari hii ilianza kwenda bila kushtuka na kusimama bila kurudi nyuma. Huko kuanza bila kushtuka ndiko kutakakoniwezesha kufuata sayari kwa mkono.

Kwa kuinama juu na chini tumetumia kofia mbili za bomba la majitaka la inchi 4, kila upande moja, zikikaa kwenye mkato wa herufi V. Bomba linasogezwa mbele au nyuma ndani ya pete zake hadi likae popote unapoliacha. Usawazishe lenzi ikiwa imo na kofia ya mdomo ikiwa imetolewa, vinginevyo pua itanyanyuka ukishaichomoa kofia hiyo.

Julai 6. Kunyoosha vioo, na usiku wa kwanza

Darubini ya kioo ikisafiri kwa basi vioo vinahama. Kifaa cha kunyooshea nimekitengeneza: kifuniko cha kopo la dawa, kimezungushiwa selotepu hadi kikabana kwenye mdomo wa kutazamia, kimetobolewa tundu dogo katikati kabisa. Unachungulia mchana, bomba likielekea ukuta mweupe ulio kivulini.

Kwanza kioo kidogo cha mlalo: kionekane duara, katikati ya mdomo. Halafu skurubu zake tatu ndogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi kioo kikuu chote kionekane ndani yake, pamoja na vibanio vyake vitatu vya pembeni. Nilikuwa naona viwili. Nikalegeza moja, nikakaza ya pili, cha tatu kikachomoza. Mwisho skurubu za nyuma ya kioo kikuu. Katikati ya kioo hicho kiwandani wamebandika kipete cheusi, na ndani ya picha utaliona lile tundu lako la kifuniko kama nukta. Unazungusha hadi nukta iingie ndani ya kipete. Basi. Kazi yote haizidi robo saa, na bila hiyo hata kioo cha ghali hakikupi kitu.

Usiku nilihakiki kwa nyota angavu: ukiitoa kidogo kwenye fokasi inakuwa pete ndani ya pete, na kivuli cheusi kikikaa katikati mambo yamenyooka.

Kisha nikatafuta Omega Centauri, kishada cha nyota. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama na umeshazama. Saa mbili usiku kishada hiki kiko kusini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Wenzetu wa Ulaya karibu wote hawakioni. Kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwa lenzi ya milimita 25, yaani kukuza mara 26, ni mpira wa mwanga. Nikaweka ya milimita 10, mara 65, na kingo zake zikaanza kupasuka kuwa nyota, moja, tatu, kumi, halafu huwezi tena kuhesabu. Kina nyota zipatazo milioni 10, na mwanga niliouona uliondoka huko miaka 17,000 hivi iliyopita. Nilikaa nacho muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nyota ya Alpha Centauri, inayoonekana upande huo huo wa anga, iligawanyika kuwa nyota mbili za manjano, safi, mara 65 tu.

Julai 8. Saa ya anga

Jambo hili yeyote aliye Kigoma alijue kabla hajanunua chati ya nyota ya kuzungusha. Saa zetu zimefungwa kwenye nyuzi 45 mashariki. Kigoma iko karibu nyuzi 29 na nusu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo sisi tuko nyuma kwa saa nzima. Kwenye sola nalijua hili kila siku: hapa jua linafika katikati saa saba mchana, wala si saa sita, na panel inayopangwa kwa kudhani saa sita inapangwa vibaya. Nyota ni hivyo hivyo. Chati ikikuambia nyota fulani itakuwa juu saa mbili usiku, Kigoma itafika saa tatu. Programu ya Stellarium kwenye simu inajua mahali ulipo na haina tatizo hilo, ila punguza mwanga wa kioo cha simu na ukifanye chekundu. Jicho huchukua nusu saa kuzoea giza na simu hulipofua kwa sekunde moja.

Agosti 3

Moshi. Mapori yanachomwa na kila jioni upande wa mashariki ni wa kahawia. Nyota zilizo chini zimepotea, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, imefifia. Sayari na mwezi hazidhuriki sana, kwa hiyo kipindi hiki nakiacha kwa hizo.

Nimehamisha pia mahali pa kusimama. Saruji iliyokaa juani siku nzima hutoa joto hadi usiku wa manane, na picha inayopita juu yake huchezacheza. Nimetoka uani nikaenda upande wa bustani ya mchicha, penye udongo na majani. Tofauti ilionekana usiku ule ule.

Agosti 14, alfajiri

Saa kumi na moja, mashariki: sayari za Mirihi na Mshtarii zimekaribiana kwa theluthi moja ya nyuzi, chini ya upana wa mwezi mpevu. Zote mbili ndani ya duara moja la lenzi, moja nyekundu, nyingine nyeupe na miezi yake pembeni. Nimemwamsha mama, akatazama akiwa amejifunga khanga mabegani, akauliza kama ni za kweli au ni picha imebandikwa humo ndani. Nikasogeza bomba kidogo zikaondoka, nikalirudisha zikaja. Akatazama tena, safari hii hakutaka kutoka.

Kesho ziwa linafunguliwa.

Septemba 8. Zohali na tatizo la utosini

Usiku huu sayari ya Zohali iko mkabala na jua, kwa hiyo iko juu usiku kucha. Wapo watakaosema isubiriwe ifike juu kabisa, na kwa darubini nyingi ni kweli. Kwa kitako hiki na kwa latitudo hii si hivyo. Mwaka huu Zohali inapita nyuzi tatu hivi tu kutoka utosini, na sanduku la Dobson likielekea utosini haliwezi kufuata kitu: bomba limesimama wima, na kusogea kidogo kwenda magharibi kunakutaka uzungushe kitako nusu duara. Itafika utosini karibu saa saba usiku. Nimeanza saa nne, ikiwa nyuzi 45 upande wa mashariki, nikamaliza saa sita kasoro. Saa mbili hizo ndizo bora.

Jirani yangu mzee, mvuvi wa zamani wa Katonga, alikuja na kiti chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni giza zuri, wenzangu wote wako majini."

Kweli, taa zilikuwa zimejipanga ziwani mstari mrefu. Wanavua mwezi usipokuwepo, ili dagaa wafuate taa, na kwenye mbalamwezi wanapumzika. Kalenda yangu ya kutazama imekuwa ile ile yao: vitu hafifu kwenye giza, mwezi na sayari wavuvi wakiwa nyumbani. Taa zao huharibu nyuzi chache za chini za magharibi tu, na sioni ubaya wowote.

Mara 130, lenzi ya milimita 10 na Barlow. Sayari inavuka duara la lenzi kwa dakika moja na nusu, kwa hiyo nilimwelekeza mzee asukume kwa kidole kimoja ubavuni mwa bomba. Mkono uliozoea kasia ulielewa mara moja. Akanyamaza, kisha akasema, "Imechomwa sindano." Ndivyo ilivyo mwaka huu. Pete zinazoizunguka zimeinama chini ya nyuzi 5 tu, na Machi 2025 zitatuelekea ubavu kabisa na kupotea kwa muda. Galileo zilimpotea hivyo hivyo mwaka 1612, wala hakujua ni pete. Huygens, mtaalamu wa Uholanzi, ndiye aliyeeleza, miaka zaidi ya 40 baadaye. Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, ulionekana wazi pembeni. Nimechora mahali ulipo. Unazunguka kwa siku 16, kwa hiyo michoro ya mwezi huu itanionyesha mwendo wake.

Saa sita umande ulianza kukaa kwenye lenzi. Nimekata sponji jeusi na kulizungusha mdomoni mwa bomba litokeze mbele. Linazuia umande na mwanga wa taa ya barabarani kwa pamoja. Lenzi isiyotumika hukaa mfukoni mwa koti, yenye joto.

Oktoba 14. Nyotamkia

Tsuchinshan-ATLAS, iliyogunduliwa 2023 na vituo vya China na Afrika Kusini. Ilipita karibu nasi kabisa Oktoba 12, kilomita milioni 70 hivi, na sasa inaonekana magharibi baada ya jua kuzama. Kwa magharibi Kigoma imebarikiwa: ni maji matupu hadi milima ya Congo.

Saa moja na nusu, Zuhura kushoto, na kati yake na nyota ya Arcturus iliyo kulia, yenyewe. Kichwa angavu, mkia umesimama kuelekea juu. Mwezi ulikuwa mkubwa tayari, ukala sehemu ya mkia, lakini kwa mara 26 kichwa kilionekana kizito katikati na chepesi pembeni, na mkia ukatoka nje ya duara la lenzi, karibu nyuzi mbili, bila kuisha. Hapa darubini inazidiwa na bainokula ya 10×50, ambayo ilichukua mkia mwingi zaidi kwa mara moja. Anayeanza na hana fedha ya darubini aanze na bainokula, hatazitupa hata akija kununua darubini.

Majirani walikuja kwa foleni. Yaliyoulizwa zaidi ni kama itaanguka na kama inaashiria jambo. Nilijibu la kwanza: ni barafu na vumbi, imepita karibu na jua, na sasa inaondoka.

Novemba 17. Mvua

Mawingu kila jioni. Darubini imekauka, imefunikwa, iko chumbani penye hewa, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu nilivyokusanya kwenye maboksi ya inveta. Kuifunga ikiwa na umande ndani ya nailoni ni kuikaribisha kuvu ile vioo. Vumbi dogo juu ya kioo kikuu nimeliacha. Ngozi ya alumini ni nyembamba mno, na kitambaa hukwaruza kuliko vumbi linavyodhuru.

Jana mawingu yalipasuka kidogo nikaona Kilimia, kwa mara 26 chote kikiwa ndani ya lenzi moja, nyota za buluu. Wazee wa pwani husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mwaka huu kimezuka na matope kweli.

Ratiba ya mianya ya Desemba iko hivi. Mshtarii utakuwa mkabala na jua Desemba 7, na unapita kaskazini nyuzi 27 kutoka utosini, kwa hiyo kitako hakitasumbua. Nebula ya Jabari, wingu la gesi angani, ndiyo inayotaka akili: inapita nusu nyuzi tu kutoka utosi wa Kigoma, hakuna mahali bora duniani pa kuiona na hakuna mahali pabaya zaidi kwa sanduku la Dobson. Katikati ya mwezi itafika juu karibu saa saba usiku, basi nitaikamata saa nne hadi saa sita kasoro, kama Zohali. Nimeagiza lenzi ya milimita 6, itakayotoa mara 108. Moshi ukiwa umeoshwa na mvua, hiyo inatosha kuzitenganisha nyota nne za katikati ya nebula, na nyumba tatu za mtaa zimeshaniambia niwagongee mlango mawingu yakifunguka.